Kumchua Mbwa: Namna ya Kuendesha Darasa la Vitendo Nyumbani Kwako

Ukimwambia jirani kwamba Jumamosi unafundisha watu kuchua mbwa, atacheka kwanza, halafu atauliza kama kuna pesa. Pesa ipo, kidogo. Mimi naendesha darasa hili uani kwangu, Arusha, na wanaokuja si wale wenye mbwa wa kulala kwenye kochi. Ni watu wenye mbwa wa ulinzi: mbwa anayefungiwa bandani mchana kutwa, akafunguliwa usiku, akalala juu ya saruji, na ikifika Juni na Julai baridi inamwingia kwenye viungo. Asubuhi anainuka kwa miguu ya mbele tu. Ya nyuma anaiburuta hatua tatu nne mpaka ikubali. Mwenye mbwa anaona, anasema "kazeeka huyu," basi, anawahi kazini.

Kuchua hakumrudishii mbwa ujana. Kunalegeza misuli iliyokaza, kunamtuliza, na kunampa mwenye mbwa sababu ya kumshika mwili mzima mara kwa mara, akajua uvimbe umeanza lini na kupe wamejificha wapi. Hayo yananitosha. Hapa chini ni jinsi ninavyofanya, pamoja na niliyoyaharibu kabla sijajua.

Kwanza jipime mwenyewe

Usifundishe ulichokisoma wiki iliyopita. Mchue mbwa wako miezi mitatu, jioni dakika kumi kumi, uandike ulichokiona. Kisha omba mbwa wa watu wawili watatu wenye tabia tofauti: mmoja mwoga, mmoja mzee, mmoja asiyekaa mahali pamoja. Kata kucha zako hadi zisionekane ukitazama kiganja.

Halafu mtafute daktari wa mifugo atakayekubali kupokea simu yako Jumamosi. Wa mtaani kwetu nilimfuata ofisini, nikamwamkia, nikamweleza nia yangu. Jambo la kwanza aliloniambia: "Neno kutibu usilitumie." Ana haki. Tanzania ina Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, na kutibu mnyama ni kazi ya waliosajiliwa. Kenya nao wana sheria yao ya 2011 na bodi yao. Kwa hiyo kwenye tangazo langu la WhatsApp naandika "kumchua na kumtuliza mbwa wako." Siandiki tiba, siandiki nyonga, sitaji ugonjwa wowote. Mbwa anayechechemea anapita kwa daktari kabla hajafika kwangu.

Nani aje, nani abaki

Watu wasizidi wanane, mbwa wasizidi wanne. Darasa langu la kwanza nilikaribisha mbwa saba kwa sababu kila aliyeomba nilimwonea haya kumkatalia. Mandazi yalikuwa kwenye sinia juu ya stuli. Hazikupita dakika kumi, dume mmoja akayafikia, mwenzake akadai fungu lake, na darasa la utulivu likaishia kwa ndoo mbili za maji na mama mmoja amepanda juu ya msingi wa tangi. Tangu siku hiyo chai inanyweka ndani, mlango umefungwa. Na chakula cha wageni kichungue: zabibu kavu, chokoleti na vitunguu ni sumu kwa mbwa, hata kipande kilichodondoka chini.

Sasa hili nililichelewa kulijua, na ndilo limebadilisha darasa langu kuliko lolote. Mwenye mbwa anayelipa si lazima awe ndiye anayejulikana na mbwa. Kwenye nyumba nyingi za kwetu, geti limeandikwa "Mbwa Mkali," baba mwenye nyumba anapita ndani ya gari, na mbwa anamjua mlinzi, au dada anayempelekea ugali na dagaa. Nilishaona bosi akimnyooshea mkono mbwa wake wa miaka sita na mbwa akarudi nyuma. Yule mlinzi aliyekuwa amesimama pembeni akashusha macho, hakutaka kumwaibisha tajiri wake. Siku hizi nasema wazi wakati wa kujiandikisha: njooni wawili, wewe na anayemlisha, kwa ada ile ile. Na ukimkaribisha mlinzi, mkaribishe kweli. Mpe kiti kama cha wengine, mwamkie kama umri wake unavyodai, na maswali yako ya kwanza kuhusu mbwa muulize yeye.

Jambo jingine kuhusu wanaofanya kazi na mbwa: wapo walio Waislamu, na kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa sana kwetu, mate na unyevu wa mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, moja kwa udongo. Nakuwa na glavu za kutosha, ndoo ya maji, na beseni la udongo safi karibu na bomba. Sitangazi, simuulizi mtu. Vipo tu, atakayehitaji anaviona.

Kabla sijamkubali mbwa nauliza kwa simu: ana umri gani, kadi ya chanjo inasema nini, amefanyiwa upasuaji lini, anatumia dawa gani, ana uvimbe, amewahi kumng'ata mtu. Kadi naomba ipigwe picha nitumiwe. Asiye na chanjo ya kichaa cha mbwa iliyo hai haingii, hata awe wa dada yangu. Wengine ninaowaacha nyumbani ni jike aliye kwenye joto, jike mwenye mimba, mbwa mwenye homa, kuhara au kidonda kibichi, aliyetoka kupasuliwa karibuni, na mbwa yeyote mwenye uvimbe ambao daktari bado hajautazama. Uvimbe hauchuliwi kwa kubahatisha.

Jumamosi ya kwanza: watu peke yao

Ndiyo, bila mbwa. Watu hulalamika, kisha hunishukuru. Natumia saa mbili na nusu, kuanzia saa tatu na nusu asubuhi, na mbwa pekee aliyepo ni wangu, jike mzee aitwaye Popi, ambaye analala zaidi ya anavyofundisha.

Anza na donge la unga wa chapati, lililokandwa likapumzishwa. Kila mtu na lake. Mwambie aweke vidole vitatu juu ya donge na abonyeze mpaka alama ionekane kidogo tu, kisha aondoe. Wote wanabonyeza kupita kiasi, wanaume kwa wanawake. Sisi tumekulia kwenye kukandwa: mama mzazi anakandwa kwa maji ya moto mpaka anauma meno, mchezaji akiteguka anachuliwa huku ameshikwa na wawili. Kwa akili zetu, kisichouma hakifanyi kazi. Mkono huo uachwe getini. Waambie wafumbe jicho na kugusa kope kwa ncha ya kidole bila kulisumbua jicho. Huo ndio uzito wa kuanzia. Uzito wa juu kabisa kwa misuli minene ya paja ni ule usiozamisha donge zaidi ya unene wa kucha. Narudia zoezi hili nusu saa nzima. Donge lenyewe baadaye tunalipika.

Kisha mwili. Mimi nachora mbwa kwa chaki kwenye sakafu, mkubwa, watu wanasimama kumzunguka. Siwaambii majina ya misuli. Nawaonyesha mambo matatu. Kwanza, mbwa hana mtulinga unaounganisha miguu ya mbele na kiwiliwili kama sisi. Miguu hiyo imeshikiliwa na misuli, na inabeba kama asilimia 60 ya uzito wake. Ndiyo maana mabega na shingo vinakaza, hasa kwa mbwa mwenye maumivu ya nyuma anayejiegemeza mbele. Pili, uti wa mgongo haubonyezwi. Unafanya kazi pembeni yake, vidole viwili kushoto na viwili kulia, pale penye nyama. Tatu, koo, tumbo, makwapa, kinena na viungo vyenyewe vya goti na kiwiko si vya mwanafunzi.

Wafundishe pia kumpima mbwa aliyetulia. Anapumua mara 10 hadi 30 kwa dakika. Mapigo yanasikika ndani ya paja la nyuma, juu, ukiweka vidole taratibu. Fizi ni za waridi. Ukibonyeza kwa kidole zinapauka na rangi inarudi ndani ya sekunde mbili. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2, yaani mbwa mzima kabisa ana joto kuliko wewe, na kila darasa lina mtu atakayemshika Popi na kusema "huyu ana homa." Fizi nyeupe au za njano, au mbwa anayehema bila kukimbia wala jua, hachuliwi, anapelekwa kwa daktari siku hiyo hiyo.

Sehemu iliyobaki ya asubuhi ni kusoma mbwa. Watu wetu wanajua lugha mbili za mbwa, kubweka na kuuma. Katikati kuna mengi. Anageuza kichwa pembeni. Analamba midomo na hakuna chakula. Anapiga miayo na hana usingizi. Anainua mguu mmoja wa mbele. Anaonyesha weupe wa jicho. Anaganda, na hapo ndipo pa hatari, maana wengi wanadhani ametulia. Kuganda na kutulia vinatofautishwa na pumzi: aliyetulia anapumua kwa kina na taya limelegea, aliyeganda amefunga mdomo na pumzi huioni. Na akinguruma, shukuru. Amekuonya. Anayempiga mbwa kwa kunguruma anamfundisha kung'ata bila taarifa.

Namaliza kwa kuwaomba kitu kimoja cha nyumbani: wiki nzima wakae na mbwa wao dakika tano kila jioni, wasimguse, waandike tu walichokiona.

Uwanja

Wiki ya pili mbwa wanakuja, na uwanja uwe tayari tangu jana yake. Mahali wazi penye kivuli, geti limefungwa. Usiwaweke sebuleni: vigae vinateleza, na mbwa mwenye nyonga mbovu anayeogopa kuteleza hawezi kulegeza msuli hata mmoja. Mimi natandika mikeka ya mpira, ile ya kukatwa kutoka kwenye mazulia ya magari, juu yake blanketi kuukuu. Kila mbwa na kona yake, mita tatu au zaidi kutoka kwa mwenzake, mgongo ukielekea ukuta ili asiwe na wasiwasi wa nyuma. Kama mbwa wawili wanatazamana sana, tundika kanga kati yao. Kila mmoja na bakuli lake la maji. Kushirikisha bakuli ni kuanzisha ugomvi.

Karibu na bomba weka sabuni ya kipande, taulo, glavu, na namba ya daktari imeandikwa kwa herufi kubwa ukutani. Weka na kibano cha kutolea kupe. Kupe anashikwa karibu kabisa na ngozi, anavutwa moja kwa moja bila kuzungushwa. Habanikwi kwa kiberiti wala hamwagiwi mafuta ya taa.

Dawa za kuchua zibaki kabatini. Kijana mmoja alikuja na ile ya kupaka magoti ya wachezaji mpira, akaona anamsaidia mbwa wake kwenye paja. Mbwa anajilamba, akatoa mate mpaka mchana na sisi tukawa kwenye simu na daktari. Mafuta makali ya kunukia nayo vilevile. Mkono mkavu unatosha.

Jumamosi ya pili: mikono juu ya mbwa

Mbwa wasiwe wamekula ndani ya saa mbili. Wakifika, wasiingie kwa mkupuo. Naita mmoja mmoja kwa tofauti ya dakika tano, anatembezwa uani kwa kamba, ananusa, anakojoa, kisha anaonyeshwa blanketi lake. Kamba inabaki shingoni lakini imelegea, haifungwi mahali. Mbwa aliyezoea mnyororo umfungue ikiwezekana: shingo yake ndiyo tumekuja kuishughulikia.

*Mguso wa kwanza ni mkono uliokaa.* Mshiriki anapiga goti ubavuni mwa mbwa, hamwinamii juu ya kichwa, hamtazami machoni. Anaweka kiganja begani. Anahesabu hadi tano. Anaondoa mkono, anaupumzisha pajani pake, anasubiri. Mbwa akisogea, akiegemea au akiutazama mkono, anarudia. Akigeuza kichwa au akijisogeza pembeni, anaachwa. Hayo tu, kwa dakika kumi.

Kila mara kuna anayeuliza, "Mwalimu, tunaanza lini?" Namwambia tumeshaanza. Usikubali kuharakishwa hapa. Mbwa wa ulinzi ameshikwa maisha yake yote kwa sababu ya kitu: sindano, kuogeshwa, kufungwa, kuburutwa. Mkono unaokuja, ukauliza, ukaondoka wenyewe, hajaukuta. Wengine huonekana kushtuka mkono unapoondoka. Dume mmoja mkubwa, ambaye mlinzi wake alikuwa amenionya nisimkaribie, aliusukuma mkono wa mlinzi huyo kwa pua mara tatu mfululizo akidai urudishwe. Yule kaka alicheka kwa sauti, halafu akajifuta macho kwa kiwiko akisingizia vumbi.

*Wa pili ni kupapasa.* Kiganja kizima, bapa, kutoka kisogoni hadi shina la mkia, kufuata manyoya. Taratibu kiasi cha kuhesabu hadi sita. Mkono mmoja ukisafiri, mwingine umekaa mwilini, ili mbwa asipoteze habari zako. Hapa ndipo vidole vinapata taarifa: palipo na joto kuliko pengine, palipo pagumu kama gome, palipo na ngozi inayorukaruka ukipita. Mwambie mshiriki asirekebishe chochote bado. Ataje tu alipopaona.

*Wa tatu ni duara.* Huu umetoka kwa Linda Tellington-Jones, mzaliwa wa Kanada aliyeanza na farasi kabla ya mbwa. Vidole havisuguliwi juu ya manyoya. Vinaisogeza ngozi yenyewe juu ya nyama, duara moja na robo, kisha vinainuka na kuhamia jirani. Maelezo ya kawaida ni kufikiria uso wa saa: anza kwenye 6, zunguka kama mshale, pita 6 tena, ishia kwenye 9. Kwetu maelezo hayo yanaleta kicheko, kwa kuwa ukimwambia Mswahili "anzia saa sita" anaweka kidole juu kabisa. Sema "palipoandikwa 6, chini," na wote mtakuwa mahali pamoja. Duara dogo, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia, ngozi ya bega na pembeni mwa shingo.

*Wa nne ni kukanda,* na unaruhusiwa sehemu tatu tu: pembeni mwa shingo, mabegani, na nyama ya mapaja. Unashika nyama kati ya kidole gumba na vingine vilivyonyooka, unainyanyua kidogo, unaiachia. Hufinyi. Karibu na shina la mkia na nyonga nenda kwa kiganja tu. Mbwa mzee ana siri zake pale. Viwiko vya mbwa wanaolala kwenye saruji utakuta vimeota sugu, pengine na mfuko wa maji. Usiuguse, mwambie mwenye mbwa atafute gunia la kutandika na amwonyeshe daktari.

*Wa mwisho ni masikio.* Sikio linashikwa shinani kwa gumba na kidole, linateleza taratibu hadi ncha. Mbwa wengi hufumba macho hapa. Sikio linalonuka au jekundu ndani liruke.

Raundi nzima isizidi dakika kumi na tano, na kwa mbwa mzee kumi. Baada ya hapo maji, kukojoa, kupumzika kivulini nusu saa, kisha raundi ya pili iliyo fupi zaidi. Wewe mwalimu mkono wako usiwe kwa mbwa wa mtu muda mrefu. Zunguka, nyamaza, gusa bega la mshiriki uliyemwona anabonyeza sana. Mtu akikaza mabega yake, mbwa naye anakaza. Mwambie apumue.

Kipande cha nishati

Hapa nakuwa mkweli mpaka wengine wananiona mgumu. Watu wanasikia habari za Reiki, wanaomba wafundishwe. Reiki ilianzishwa Japani na Mikao Usui mwaka 1922, na aliyeipeleka Marekani ni Hawayo Takata, mzaliwa wa Hawaii aliyejifunza Japani kwenye miaka ya 1930. Wanaoifuata wanasema nishati ya uhai inapita kwenye viganja kwenda kwa anayeguswa. Nishati hiyo haijawahi kupimwa kwa chombo chochote, na hakuna ushahidi kwamba inaponya ugonjwa wa mbwa. Nasema hivyo, kwa maneno hayo hayo, kabla hatujaanza. Asiyetaka anakunywa chai.

Tunachofanya ni hiki. Mshiriki anakaa chini kwa starehe, anaweka mkono mmoja begani na mwingine juu ya kiuno cha mbwa, au akiona mbwa hapendi, anaviacha viganja hewani, upana wa kiganja kutoka mwilini. Anavuta pumzi kwa hesabu ya nne, anaitoa kwa hesabu ya sita. Dakika tatu. Hakuna maneno, hakuna ishara, hakuna kinachoitwa. Mbwa wengi wanashusha kichwa, na mwenye mbwa naye anashusha mabega. Wewe ukipenda iite nishati. Mimi nadhani ni mtu aliyetulia amekaa karibu na mbwa wake bila kumtaka kitu. Kumpapasa mbwa kwa utulivu kumeonekana kupunguza mapigo ya moyo wake, na hilo mnaweza kulijaribu papo hapo kwa vidole ndani ya paja, kabla na baada.

Ifanyie uani, mbele ya geti linaloonekana. Mtaani kwetu watu wakijifungia chumbani na mbwa, wamefumba macho, kesho yake utasikia wewe ni mganga. Na ukimsikia mshiriki anasema ataacha dawa za mbwa wake kwa sababu sasa ana viganja, simamisha darasa mzungumze.

Ikitokea kung'atwa

Kidonda kinaoshwa hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili kwa kutazama saa, hata kama ni mchubuko. Kisha hospitali siku hiyo hiyo, mkiwa na picha ya kadi ya chanjo ya mbwa. Uamuzi wa kuchoma sindano ni wa hospitali, wala si wako wala wa mwenye mbwa anayeapa kwamba mbwa wake ni mzima. Mbwa hauawi kwa hasira. Anatengwa na kuangaliwa siku kumi, na daktari wa mifugo anaarifiwa. Karibu vifo vyote vya watu kwa kichaa cha mbwa duniani vinatokana na mbwa, na dalili zikishaanza kwa mtu hakuna kurudi. Usipake kidonda pilipili, majivu, wala dawa ya meno.

Ada

Natoza shilingi 30,000 kwa mbwa mmoja, Jumamosi zote mbili, watu wawili. Inalipia unga, chai, sabuni, na kadi ya simu ya daktari. Anayelalamika bei mara nyingi ndiye mwenye gari kubwa.

Baada ya wao kuondoka

Fua mablanketi kwa maji ya moto siku hiyo hiyo, yaanike juani. Mwagia mikeka maji ya sabuni. Usipange darasa jingine mpaka umeandika nani alibonyeza sana na mbwa gani asirudi pamoja na yupi.

Kila mshiriki anaondoka akiwa na daftari dogo la kurasa 40. Maagizo ni mafupi: jioni, dakika kumi, andika siku, ulipogusa, ulichokuta, mbwa alisema nini. Baada ya wiki tatu naomba nitumiwe picha ya ukurasa mmoja. Wenye nyumba wengi hawatumi. Wanaotuma ni walinzi na akina dada wa kazi. Mwezi uliopita nilipata ukurasa kutoka kwa yule kaka wa mbwa mkubwa, mwandiko wa kalamu ya risasi, umekolezwa kwa nguvu. "Jumatatu: shingo, laini, amelala. Jumanne: mvua, hatukufanya. Jumatano: paja la kulia nyuma, joto, amegeuza kichwa. Nimeacha. Alhamisi nimemwambia bosi, tumempeleka kwa daktari."